Furushi la kila mteja: kupanga bafa kwa makundi ndani ya Emacs

Fundi cherehani mwenye wateja wengi hapangi vitambaa kwa rangi. Kitenge cha mteja, zipu yake, bitana na kile kikaratasi cha vipimo vinakunjwa pamoja na kufungwa kwa utepe, kisha furushi linapanda rafu. Mwenyewe akiingia kuulizia gauni lake, furushi linashushwa zima. Fundi angeweka zipu zote kopo moja na vikaratasi vyote kopo jingine, duka lingependeza machoni, lakini siku ya sikukuu mtu angetoka na suruali ya mwenzake.

Mimi nilifanya kosa hilo kwa miaka, kwenye Emacs, programu ninayoandikia na kuhariri faili zangu. Nina wateja wawili wa tovuti, duka la vipuri na saluni, pamoja na kazi ya kutafsiri programu inayoingia na kutoka. Siku moja saa nne usiku nilifungua `index.html`, nikabadilisha bei, nikahifadhi, nikapandisha kwenye seva. Asubuhi saluni ilikuwa inauza kusuka rasta kwa bei ya pampu ya maji ya gari. Faili zote mbili zilikuwa wazi, zote zinaitwa `index.html`, katika orodha ya bafa hamsini na kitu iliyokuwa imelundikana tu.

Tangu hapo napanga bafa kwa makundi, kundi moja kwa kila kazi. Emacs ina chombo chake cha kufanya hivyo, Ibuffer, na huna haja ya kusakinisha kitu, kwa sababu kimo ndani yake tangu toleo la 22 lililotoka 2007. Wengi hawakijui, kwani `C-x C-b` inafungua orodha ile ya zamani na mtu anadhani habari imeishia hapo.

Neno moja kwa mgeni kabla hatujaanza. Bafa ni maandishi ambayo Emacs imeyashika kwenye kumbukumbu. Faili iko kwenye diski, bafa ndiyo unayoiandikia, na mabadiliko hayafiki kwenye faili mpaka uhifadhi. Zipo pia bafa zisizo na faili kabisa: ujumbe wa Emacs yenyewe, kurasa za msaada, dirisha la amri ulilolifungua humo humo. Hizi zisizo na faili ndizo zitakazotusumbua huko mbele. Na ninapoandika `C-x` nina maana ya kushikilia Ctrl na kubonyeza x. `M-n` ni Alt na n. `RET` ni kile kitufe kikubwa cha kushukia mstari mpya.

Kwanza, ipe Ibuffer kitufe chake

Fungua faili yako ya mipangilio. Kwa wengi ni `~/.emacs.d/init.el`, kwa wengine bado ni `~/.emacs`. Weka mstari huu:

```
(global-set-key (kbd "C-x C-b") #'ibuffer)
```

Peleka kishale mwisho wa mstari, baada ya bano la mwisho, ubonyeze `C-x C-e`. Umeshaanza kutumika bila kuzima Emacs. Sasa bonyeza `C-x C-b`, utaona orodha yenye safu za jina, ukubwa, modi (yaani namna Emacs inavyoishughulikia aina hiyo ya bafa) na mahali faili ilipo. Kinyota mwanzoni mwa mstari kinamaanisha bafa ina mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Asilimia inamaanisha bafa ni ya kusoma tu.

Ukiwa bado kwenye mipangilio, ongeza na huu:

```
(setq uniquify-buffer-name-style 'forward)
```

Kawaida ya Emacs tangu toleo la 24.4 ni kutofautisha majina yanayofanana kwa kubandika jina la folda mwishoni, ndani ya alama za pembe: `index.html<duka>`. Ni afadhali kuliko ile namba tupu ya zamani, lakini jicho husoma mwanzo wa neno na mwisho hulipita haraka. Mimi ndiye shahidi. Kwa mstari huo bafa itaitwa `duka/index.html`, folda ikitangulia.

Jaribu kundi moja kwa mkono

Usikimbilie kuandika mipangilio mirefu. Tengeneza kundi moja kwa vidole uone linavyokaa, maana ukishaelewa hatua hizi mbili, yale mabano ya baadaye hayatakutisha.

Ndani ya Ibuffer bonyeza `/ f`, yaani mkwaju kisha f. Emacs itakuuliza ruwaza ya jina la faili. Andika sehemu ya njia ya folda ya kazi yako, kwangu ni `/kazi/duka/`, kisha `RET`. Orodha inanywea papo hapo, zinabaki bafa za duka peke yake. Hicho ni kichujio.

Sasa bonyeza `/ g`. Utaulizwa jina la kundi. Andika `Duka`, `RET`. Orodha nzima inarudi, ila safari hii juu kuna kichwa `[ Duka ]` chenye bafa zake, na chini `[ Default ]` yenye zilizobaki. Rudia kwa kazi ya pili: `/ f`, ruwaza, `/ g`, jina.

Ukikosea kichujio, `/ p` inaondoa cha mwisho ulichoweka na `/ /` inaondoa vyote. Ukitaka kufuta makundi yote uanze upya, ni `/ \`. Hakuna bafa inayofungwa kwa vitufe hivi. Unachobadilisha ni namna zinavyoonekana, basi.

Zipo njia nyingine za kuchuja: `/ n` kwa jina la bafa, `/ m` kwa modi, `/ c` kwa maneno yaliyomo ndani. Hiyo ya mwisho inafaa sana pale unapokumbuka uliandika neno fulani mahali fulani na hukumbuki wapi. Ukiweka vichujio viwili mfululizo, bafa lazima itimize vyote viwili ndipo ionekane.

Panga kwa kazi, usipange kwa aina

Hapa ndipo ninapotofautiana na mifano mingi utakayokutana nayo. Karibu yote hupanga hivi: kundi la HTML, kundi la CSS, kundi la Python, kundi la Org. Inavutia kwa sababu ni rahisi kuandika, mstari mmoja kwa kila modi. Lakini ndiyo ile habari ya zipu zote kopo moja. Unapofanya kazi ya duka unahitaji HTML yake, CSS yake, dirisha la amri lililoko kwenye folda yake na ile barua ya mteja uliyoinakili. Hakuna siku umekaa chini ukasema leo nafanya kazi ya CSS kwa ujumla.

Kundi la kazi pia linafungika. Kazi ikiisha, unalichukua zima unalifunga. Kundi la CSS haliishi kamwe.

Kwa hiyo sharti la mwanzo liko nje ya Emacs: kila kazi iwe na folda yake. Kama faili za wateja wote zimelala kwenye folda ya vilivyopakuliwa, hakuna kichujio kitakachokuokoa. Hamisha kwanza. Mpangilio wangu ni `~/kazi/duka`, `~/kazi/saluni`, `~/kazi/tafsiri`, na `~/maelezo` kwa mambo yangu binafsi.

Yaandike makundi kwenye mipangilio

Ukishajiridhisha na majaribio ya mkono, andika yafuatayo kwenye `init.el`. Haya ni yangu, nimepunguza machache tu:

```
(setq ibuffer-saved-filter-groups
      '(("kila-siku"
         ("Emacs"
          (or (name . "^\\*scratch\\*$")
              (name . "^\\*Messages\\*$")
              (name . "^\\*Warnings\\*$")
              (name . "^\\*Help\\*$")))
         ("Duka"
          (or (filename . "/kazi/duka/")
              (directory . "/kazi/duka/")))
         ("Saluni"
          (or (filename . "/kazi/saluni/")
              (directory . "/kazi/saluni/")))
         ("Tafsiri"
          (or (filename . "/kazi/tafsiri/")
              (directory . "/kazi/tafsiri/")))
         ("Maelezo" (filename . "/maelezo/"))
         ("Folda" (mode . dired-mode)))))

(setq ibuffer-show-empty-filter-groups nil)

(add-hook 'ibuffer-mode-hook
          (lambda ()
            (ibuffer-auto-mode 1)
            (ibuffer-switch-to-saved-filter-groups "kila-siku")))
```

Tusome taratibu. `kila-siku` ni jina la mpangilio mzima. Unaweza kuwa na mipangilio kadhaa, mmoja wa siku za kazi na mwingine wa mwisho wa wiki, ukahama kwa `/ R`. Ndani yake kila mabano yanaanza na jina la kundi, kisha sharti la kuingia. `or` maana yake ni lolote kati ya masharti haya. Mstari wa makundi matupu unaficha vichwa visivyo na bafa, la sivyo asubuhi unakaribishwa na vichwa vya hewa. `ibuffer-auto-mode` inaifanya orodha ijisasishe unapofungua na kufunga bafa, usiwe unabonyeza `g` kila mara.

Ile mikwaju ya nyuma miwili kabla ya kinyota si urembo. Kwenye ruwaza kinyota kina kazi yake ya kusema "kirudie kilichotangulia", kwa hiyo ukitaka kinyota chenyewe unakitangulizia mkwaju wa nyuma, na ndani ya alama za kunukuu za Lisp, lugha ya mipangilio ya Emacs, mkwaju mmoja huandikwa miwili. `^` ni mwanzo wa jina na `$` ni mwisho.

Angalia nimeandika `/kazi/duka/`, sikuandika `~/kazi/duka/`. Wengi hukwama hapa nusu siku. Emacs inaijua faili kwa njia yake kamili, kitu kama `/home/fulani/kazi/duka/index.html`, na hamna mawimbi humo (ile alama ya `~`, ufupi wa folda yako ya nyumbani), hata kama orodha inakuonyesha mawimbi kwa ufupi. Ukiyaandika kwenye kichujio cha `filename`, kundi litabaki tupu, na kwa kuwa tumeficha makundi matupu, hutaona hata kichwa chake cha kukushtua. Usisahau pia mkwaju wa mwisho, maana bila huo `/kazi/duka` itazoa na `/kazi/duka-la-zamani`.

Kwa nini filename na directory kwa pamoja

Mwanzoni nilitumia `filename` peke yake. Faili ziliingia kwenye makundi vizuri, lakini matokeo ya kukusanya programu na bafa nyingine kadhaa za duka, vyote vilidondokea `[ Default ]`. Sababu ni kwamba havina faili. Ila kila bafa, iwe na faili au isiwe nayo, inajua folda iliyosimama. `directory` inauliza hiyo folda. Kichujio hiki kipo tangu toleo la 26, na kwa maoni yangu ndicho kinacholeta tofauti kati ya makundi ya mapambo na makundi ya kufanyia kazi.

Kina ubaya wake, na ndiyo sababu kundi la Emacs liko juu kabisa. Bafa huingia kwenye kundi la kwanza linaloikubali, kutoka juu kwenda chini, na haliulizwi tena la pili. Sasa kama umeiwasha Emacs kutoka kwenye dirisha la amri ukiwa ndani ya `~/kazi/duka`, basi `*scratch*` nayo imesimama kwenye folda hiyo. Ukurasa wa `*Help*` nao hushika folda ya mahali ulipokuwa ulipoomba msaada. Bila kundi la Emacs kutangulia, vyote hivyo vingejipachika kwa duka kama jamaa wanaotokea wakati wa chakula. Kundi la juu linawadaka mlangoni kwa majina yao.

Utaratibu huohuo wa kutoka juu kwenda chini unanisaidia kwingine. Nina folda `maelezo` ndani ya kazi ya duka. Kichujio cha kundi la Maelezo kingeikubali, lakini Duka linaitangulia, kwa hiyo inabaki kwa mwenyewe. Na "Folda" iko mwisho kwa sababu orodha ya folda ya duka ni ya duka. Zinazofika huko chini ni zile zisizo na kwao. Kanuni yangu: masharti finyu juu, mapana chini.

Baada ya yote hayo, orodha yangu ya leo asubuhi ilikuwa hivi:

```
 MRL   Name                Size Mode      Filename/Process
[ Emacs ]
       *scratch*            212 Lisp I…
  %    *Messages*          3107 Messages
[ Duka ]
 *     duka/index.html     8412 HTML+     ~/kazi/duka/index.html
       bei.csv             2950 Text      ~/kazi/duka/bei.csv
       *shell*              690 Shell     (shell run) ~/kazi/duka/
[ Saluni ]
       saluni/index.html   6120 HTML+     ~/kazi/saluni/index.html
[ Maelezo ]
       wiki-hii.org        1844 Org       ~/maelezo/wiki-hii.org
```

Kile kinyota pembeni mwa `duka/index.html` kinaniambia nina kiporo. Na hakuna namna tena ya kuwachanganya hao ndugu wawili.

Kufanya kazi na makundi

`TAB` au `M-n` inakurusha kwenye kichwa cha kundi linalofuata, `M-p` inakurudisha. Ukiwa juu ya kichwa, `RET` inalikunja kundi, ukibonyeza tena linafunguka. Mimi asubuhi hukunja yote isipokuwa la kazi ya siku hiyo.

Raha yenyewe iko kwenye alama. Ukisimama juu ya kichwa cha kundi na kubonyeza `m`, bafa zote za kundi zinawekewa alama kwa mkupuo. Kisha:

`S` inazihifadhi zote. Umeme wa kwetu ukianza kupepesa, hii ndiyo naikimbilia.

`=` inakuonyesha tofauti kati ya bafa na faili iliyoko kwenye diski. Naitumia kabla ya `S` pale ninapoona kinyota na sikumbuki niligusa nini. Mara nyingi ni nafasi moja iliyoingia kwa bahati mbaya. Mara moja moja ni aya nzima niliyoifuta bila kujua.

`O` inatafuta neno kwenye bafa zote zenye alama na kukuletea mistari yote kwenye bafa moja. Kwenye tafsiri hii ni dhahabu: naweka alama kundi la Tafsiri, natafuta "nywila", naona kama kuna mahali nimeandika "nenosiri" kwenye mradi uleule. `Q` inakwenda mbele zaidi, inabadilisha neno kwenye bafa zote hizo ikikuuliza moja baada ya nyingine. Alama zikibaki kwenye kundi jingine ulilolisahau, `Q` itaingia na huko, kwa hiyo tazama orodha kabla ya kujibu ndiyo.

`D` inazifunga. Mteja akilipa, `m` juu ya kichwa chake, `D`, nathibitisha, kundi linatoweka lote. Bafa yenye mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa itaulizwa peke yake, kwa hiyo usiwe na hofu, ila pia usiwe mtu wa kujibu `y` kwa mazoea. Kuna mpangilio unaoitwa `ibuffer-expert` unaoondoa swali la uthibitisho. Mimi sijauwasha na sina mpango huo.

Vitufe vingine viwili vya kufagia. Nukta, `.`, inaweka alama kwenye bafa ambazo hujazitazama kwa saa 72. Na `* u` inaweka alama kwenye zote ambazo hazijahifadhiwa, bila kujali kundi.

Mambo yanayogoma

Umebadilisha makundi kwenye `init.el`, ukayatathmini kwa `C-x C-e`, ukafungua Ibuffer, na hakuna kilichobadilika. Hii humpata kila mtu. Ukitoka Ibuffer kwa `q`, bafa yake inafichwa tu, haifungwi. Ile amri ya kuita makundi hufanya kazi Ibuffer inapozaliwa, sasa ya kwako ilizaliwa zamani. Bonyeza `/ R` uite mpangilio upya, au ifunge kabisa bafa ya `*Ibuffer*` kwa `C-x k` kisha uifungue tena.

Makundi yako yanabadilika yenyewe kila ukiwasha Emacs. Pengine siku moja ulibonyeza `/ S` kuhifadhi makundi uliyoyatengeneza kwa mkono. `/ S` huandika kwenye sehemu ya mipangilio ambayo Emacs hujiandikia yenyewe, mara nyingi mwishoni mwa faili ileile. Sasa una maelezo mawili ya kitu kimoja, na linalosomwa mwisho ndilo linaloshinda. Chagua njia moja. Kama huipendi Lisp, tumia mkono na `/ S`, futa `setq`. Kama unapenda kuona kila kitu kwa macho yako, acha `setq`, futa kile kipande kinachotaja `ibuffer-saved-filter-groups` ndani ya `custom-set-variables`.

Ukiona kundi lenye bafa thelathini, hilo halijawa kundi. Ligawe, au kubali kwamba umefungua vitu usivyovihitaji. Na ukiona makundi kumi na tano, umerudi kwenye orodha ndefu, ila hii ina vichwa. Yangu hayazidi saba.

Kama kazi zako hubadilika kila wiki

Kuandika mradi mmoja mmoja kwenye mipangilio kunamfaa mwenye kazi za kudumu. Anayepokea miradi mipya kila leo atachoka. Kwake zipo njia tatu, na zinafaa zaidi kila mradi ukiwa hifadhi ya Git au ya mfumo mwingine wa kutunza matoleo ya faili.

Ya kwanza ni pakiti ya `ibuffer-vc` kutoka MELPA, ghala la mtandaoni la pakiti za Emacs. Inatengeneza makundi yenyewe kwa kuangalia mzizi wa hifadhi ya kila faili. Kwenye ule mstari wa kuita makundi unaweka `ibuffer-vc-set-filter-groups-by-vc-root`, basi. Unachopoteza ni yale majina mazuri na mpangilio wa juu kwenda chini.

Ya pili haihitaji kundi lolote. Tangu toleo la 28 la mwaka 2022, ukiwa ndani ya faili ya mradi, `C-x p b` inakupa bafa za mradi huo tu uchague, na `C-x p k` inazifunga zote baada ya kukuuliza. Naitumia mchana kutwa hata nikiwa na makundi yangu. Ibuffer ni ya kusimama na kutazama rafu nzima, `C-x p b` ni ya kunyoosha mkono bila kuinuka kwenye kiti.

Ya tatu ni ya mwenye toleo la 30. Orodha ile ya zamani, tuliyoipokonya `C-x C-b` pale mwanzo, sasa nayo inajua kugawa kwa makundi kupitia `Buffer-menu-group-by`, kwa modi au kwa mzizi wa mradi. Kama hayo yanakutosha, unaweza kuirudishia kitufe chake. Lakini yale masharti ya kuchanganya jina, faili na folda utayakosa.

Kwa wanaoacha kompyuta ikiwaka siku nyingi kuna pia `(midnight-mode 1)`, inayopita usiku wa manane na kufunga bafa ambazo hazijaonyeshwa kwa siku tatu. Mimi kompyuta yangu ni ya mapajani na huzimwa kila jioni, usiku wa manane haiko macho. Ijumaa mchana nabonyeza nukta, natazama alama, naondoa kwa `u` zile ninazozihitaji bado, kisha `D`. Ijumaa iliyopita zilikuwa kumi na tisa. Mojawapo ilikuwa orodha ya bei za saluni, ambayo nilikuwa nimeahidi kuituma Jumatano.